Mashine ya kuchomelea kwa maji: kazi ndogo safi sana, kuikuza ndo kasheshe

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka aende zake. Hii mashine ya gesi ya maji, yaani inayopasua maji kwa umeme upate haidrojeni na oksijeni za kuchomelea, ile ya kisanduku yenye uwezo wa lita 100 kwa saa, kama kazi yako ni usonara, kulehemu nyaya nyembamba, kung'arisha kingo za akriliki au kuziba ampuli za kioo basi chukua, ni tamu. Kama unataka kuunga vyuma vya geti achana nayo. Na kama umeshaanza kukata pleti utengeneze kubwa ya kwako nyumbani, soma mpaka chini kwanza afu uamue.

Ndani hamna uchawi. Kuna tangi la maji yenye potashi kali, yaani KOH, inayofanya maji yapitishe umeme, na pleti za stenlesi zimepangwa moja nyuma ya nyingine, umeme unaingia ya kwanza unatokea ya mwisho, zile za katikati hazina waya wowote. Kila nafasi kati ya pleti na pleti inakula kama volti 2. Maji yenyewe kinadharia yanataka volti 1.23 kupasuka ila kiuhalisia utasogea mpaka hapo kwenye 2, na chochote cha ziada kinageuka joto, ndo maana wale wanaochukua pleti mbili tu na kuzipa volti 12 wanajikuta wanachemsha maji badala ya kutoa gesi. Kiasi cha gesi kinatokana na ampea, sio volti, hii ni sheria ya Faraday ya 1834 na hakuna mtu ameipindisha mpaka leo: ampea moja kwa saa moja kwenye nafasi moja inakupa kama lita 0.63 ya gesi iliyochanganyika, haidrojeni mbili kwa oksijeni moja. Hii mashine ina nafasi 8 na inavuta ampea 20, piga hesabu utapata lita 100 zile zile zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kwa hilo nawapa heshima, wengi kwenye biashara hii wanaandika namba za kufurahisha watu.

Moto wenyewe sasa. Mdomo wa tochi ni mwembamba kama sindano ya hospitali na moto unaotoka ni kijiti cha bluu iliyofifia ambacho kwenye mwanga wa jua hukioni kabisa, unasikia tu kinavyofoka. Ukisogeza ncha ya waya mwembamba wa shaba, haikawii, inajikunja na kuwa kashanga kanakong'aa, na sentimita chache nyuma bado unaweza kushika kwa vidole. Joto la moto huu ni kama digrii 2,800, kwaiyo hata platinamu inayoyeyuka kwenye 1,768 inakubali. Kuna kichupa cha pembeni unatia spiriti, gesi ikipita humo moto unaanza kuonekana, unakuwa laini zaidi na hauunguzi metali na oksijeni yake. Mi bila hicho kichupa siiwashi.

Kijitabu chake ndo kimeniudhi. Kimejaa maneno ya "gesi ya Brown" yenye nguvu za ajabu ambazo eti sayansi haijazielewa. Yull Brown alipata hataza (patent) yake Marekani mwaka 1977 na William Rhodes alishapata ya kwake 1966, wote wanaongelea haidrojeni na oksijeni zilizotoka kwenye maji kwa umeme, basi. Hakuna nishati ya bure humo. Lita 100 za gesi hiyo zikiungua ndani ya saa moja zinatoa moto wa kama wati 200, wakati ukutani umevuta zaidi ya 300. Wati 200 zikikusanyika kwenye kinukta kimoja zinafanya maajabu, ila ni wati 200.

Hapo ndo tangazo lao la "badala ya asetilini", ile gesi ya mtungi ya kuchomelea vyuma, linapoanguka. Kanuni ya mafundi ni karibu lita 100 za asetilini kwa saa kwa kila milimita ya unene wa chuma, kwaiyo chuma cha milimita 3 kinataka lita 300, na hizo zinabeba kama kilowati 4.6 za moto. Ukitaka joto hilo hilo kwa gesi ya maji unahitaji lita 2,300 kwa saa, yaani mashine kama hizi 23, na umeme wa kilowati 8 hivi. Na hata ukiupata huo umeme, chuma hakitakushukuru, maana maji yanatoa mbili kwa moja siku zote na huna pa kuongeza haidrojeni peke yake, kwaiyo dimbwi la chuma kilichoyeyuka linapata oksijeni nyingi mno, linatoa povu na muungo unajaa vitundu. Kwenye viwanda moto wa haidrojeni wanauacha uwe na haidrojeni ya ziada, ila wao wana mitungi miwili na valvu mbili, wewe una mpira mmoja wa gesi.

Kuhusu kuikuza mwenyewe: kuongeza pleti na ampea ni rahisi, tatizo ni vinavyokuja pamoja navyo. Robo hadi theluthi ya zile kilowati 8 inabaki kwenye tangi kama joto, potashi ikipata joto inapitisha umeme zaidi, ampea zinapanda, joto linapanda tena, usipokuwa na kidhibiti cha mkondo na namna ya kupooza utakuta plastiki imelainika. Afu kuna gesi yenyewe. Asetilini inakutana na oksijeni pale kwenye tochi, hii imeshachanganyika tangu kwenye tangi, ikilipuka mlipuko unakimbia zaidi ya mita 2,000 kwa sekunde ndani ya mpira kurudi ilikotoka. Kwenye hiki kisanduku nafasi ya gesi juu ya maji ni ndogo, moto ukirudi unasikia "paa!" kwenye chupa ya mapovu, ile ya maji ambayo gesi inapitia kabla ya kufika kwenye tochi, na mchezo umeisha. Sasa watu wanatengeneza ya kwao kwenye mabomba mapana ya plastiki, gesi lita kadhaa imekaa juu inasubiri, hilo ni bomu na halina jina lingine. Na kuijaza kwenye mtungi ili utumie kesho, hapana, hapo sina mjadala.

Kuzima nako kijitabu kinakosea. Kinasema bonyeza swichi. Ukifanya hivyo presha inashuka taratibu, gesi inatoka polepole kuliko moto unavyorudi, na moto unaingia ndani. Funga valvu ya tochi haraka presha ikiwa bado ipo, ndo uzime swichi.

Matunzo ni mepesi. Lita moja ya maji inatoa gesi zaidi ya lita 1,800, kwaiyo kwa saa nzima inakunywa chini ya robo glasi, na unaongeza maji safi yaliyochujwa kwa mvuke tu, potashi haiishi. Wale wa kutia chumvi ya mezani wasithubutu, itatoa klorini, na magadi ya kuokea yanakuletea kaboni dayoksaidi humo ndani. Ukiona tope la kahawia chini ujue stenlesi inaliwa, lina kromiamu, vaa glavu na miwani wala usilimwage kwenye sinki. Ah, na mpira waliotoa ni mfupi mno, mstari wa kiwango cha maji kwenye chupa ya mapovu hauonekani bila kumulika, vitu vidogo ila vinakera kila siku.

Nyota nne kwa kazi za sonara, moja kwa chuma. Atakayeichukua anunue siku hiyo hiyo chupa ya pili ya mapovu na kizuizi cha moto cha ziada cha kufunga karibu na tochi, kile kinachokuja na mashine ni kimoja tu na kimekaa mbali.