Wiki moja Miltown Malbay: nilivyoifuata konsatina hadi Clare

Wanaoniuliza kama safari ile ya kwenda Ireland kujifunza konsatina ilistahili fedha zake nawajibu hivi: darasa, ndiyo, hata lingekuwa ghali mara mbili, chumba, hapana, baa, inategemea umeingia saa ngapi.

Mimi ni Mzanzibari, naishi Manchester, kazi yangu ni uuguzi. Ami yangu alipiga kodiani kwenye kikundi cha taarabu miaka mingi, na sisi watoto wa kike wa nyumba ile tuliruhusiwa kuipangusa vumbi tu. Kuimba, sawa. Kuivuta, hapana, hicho chombo cha wanaume. Sasa usiku mmoja nikiwa zamu, redio ikatoa sauti kama ya kodiani lakini nyembamba, kavu, yenye kukatakata. Nikatafuta kesho yake nikakuta ni konsatina, na kwamba makao yake makuu ni kaunti ya Clare, magharibi ya Ireland, ambako kwa vizazi ilipigwa zaidi na wanawake, jikoni, kazi za siku zikishakwisha. Wenyeji husimulia kwamba wengi wao waliinunua kwa pesa za mayai ya kuku wao. Hapo ndipo nilipoanza kuweka akiba.

Kwa asiyeijua: ni kisanduku cha pembe sita, mivukuto katikati, vitufe pande zote mbili. Inayopendwa Clare huitwa Anglo, ina vitufe 30, na kila kitufe kina ndimi mbili za chuma. Ukisukuma inatoka sauti moja, ukivuta inatoka nyengine, kama kinanda cha mdomo. Kwa hiyo mpigaji hawezi kuteleza tu juu ya vitufe; kila mara anageuza pumzi ya chombo, na ule mgeuko ndio unaoupa muziki wao mdundo unaokufanya utikise mguu bila kujijua.

Niliamua kwenda wiki ya Willie Clancy, katika mji mdogo wa Miltown Malbay. Willie Clancy alikuwa mpiga zumari la mivukuto wa hapo hapo, akafariki mwanzoni mwa 1973, na mwaka ule ule wenzake wakaanzisha skuli ya kiangazi kwa jina lake. Huanza Jumamosi ya kwanza ya Julai. Asubuhi ni madarasa ya kila chombo, mchana mihadhara na maonyesho, usiku ngoma na muziki wa mabaa mpaka watu wachoke wenyewe. Huna haja ya kuwa mwanafunzi ili uje, lakini nitaeleza kwa nini mimi nakushauri uwe.

Kwanza viza, maana hapa wenzetu wengi hujikwaa. Ireland haimo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, wala si sehemu ya Uingereza. Kibali changu cha kuishi Uingereza hakikunisaidia chochote kwa sababu pasipoti yangu ni ya Tanzania. Fomu unajaza kwenye mtandao, kisha unapeleka pasipoti na karatasi zako: taarifa za benki, barua ya kazini, mahali utakapolala. Ada ya kuingia mara moja ni yuro 60. Unaweza kuomba kuanzia miezi 3 kabla ya safari, na nakuomba usingoje. Mimi niliambatanisha risiti ya darasa, na naamini ilisaidia. Mtu anayesema "nakwenda kujifunza konsatina" bila ushahidi anasikika kama anatunga.

Chombo chenyewe kilinipa somo la kwanza la bei. Darasani unakuja na chako. Nikanunua mtandaoni kimoja cha bei rahisi, chenye vitufe 20, kwa muuzaji ambaye simtaji. Siku ya tatu kitufe kimoja kikazama kikagoma kutoka. Lakini hata kingekuwa kizima kisingefaa: lahani nyingi za Ireland zimesimama kwenye noti ya D, nazo huhitaji C#, na vitufe 20 vya aina ya C/G, yaani safu moja ya C na moja ya G, havina noti hiyo. Ni sawa na kununua baiskeli isiyokata kulia. Nikakirudisha kwa ugomvi, nikakodi cha vitufe 30 kwa miezi mitatu. Ukitaka kununua kabisa, kuna vya wanaoanza kwa mamia ya yuro, na kuna vikongwe vilivyotengenezwa London, vya Jeffries na Wheatstone, ambavyo bei yake ni maelfu. Usikimbilie huko. Kodi kwanza.

Niliruka mpaka Shannon, ambao ni uwanja wa ndege ndani ya Clare yenyewe, hivyo usipitie Dublin kama si lazima. Basi la kwenda Ennis, mji mkuu wa kaunti, ni rahisi kulipata. Kutoka Ennis kwenda Miltown ni kama kilomita 30, na hapo mabasi ni machache mno. Ukikosa moja unakaa kituoni na sanduku lako ukihesabu magari ya watu wengine.

Chumba. Vitanda vya Miltown kwa wiki ile hushikwa miezi mingi kabla, wengine hulipia wakati wanaondoka mwaka uliopita. Mimi nilichelewa, nikapata chumba kilichotangazwa kuwa "dakika tano kutoka mjini". Dakika tano za gari, kumbe, na mimi gari sina. Usiku wa kwanza nilirudi kwa miguu kwenye barabara isiyo na taa wala njia ya pembeni, nimeshika simu kama kurunzi, huku bahari ya Spanish Point inanguruma upande mmoja. Jina la ufuko ule linatokana na meli za Kihispania zilizovunjikia pwani hiyo mwaka 1588, na usiku ule niliwaonea huruma mabaharia wale kikweli. Mwenye nyumba nilipomlalamikia alinijibu kwamba kila mtu anajua dakika ni za gari. Basi nanyi sasa mnajua.

Darasa ndilo lililoniponya. Tulikuwa chumba kimoja cha skuli, kulia kwangu mtoto wa kike wa miaka kama kumi, kushoto mzee mstaafu kutoka Ujerumani aliyekuja kwa gari lake. Hakuna aliyetugawia karatasi za noti. Mwalimu anapiga kipande kidogo, tunakirudia, anapiga tena, tunakirudia, mpaka kinashika, ndipo anaongeza chengine. Nilijisikia chuoni kwa maalim, tunafuata aya kwa aya. Hadi siku ya pili nilikuwa na nusu ya jig moja, yaani lahani ya kuchezea ngoma, yule mtoto anazo nne na ananionesha vidole vyangu viende wapi kwa upole wa mtu mzima. Mwalimu alinisahihisha jambo moja tu wiki nzima, lakini kubwa: nilikuwa navuta kwa mkono wote kama nilivyomuona ami, na yeye akasema mivukuto ya konsatina haitaki ukubwa, inataka ufupi. Nikapunguza, sauti ikanyooka pale pale.

Darasa lilinifaa pia kwa sababu lilinifungulia milango. Mabaa ya Miltown wiki ile yanajaa mpaka mlangoni, na seshini si onyesho. Wapigaji wanakaa duara, mgongo kwa watu, wanajipigia wao. Lahani moja inarudiwa mara mbili tatu, kisha bila ishara unayoiona wanaruka kwenye nyengine. Kama bashraf, zile lahani za ala tupu za taarabu, fupi fupi zilizofungwa pamoja, hazina maneno wala mtu wa kutunzwa. Ukija saa nne usiku ukitarajia kusikia konsatina, utasikia bilauri, kelele, na fidla saba. Konsatina ipo, unaiona vitufe vinakwenda, lakini imemezwa. Nilipoteza usiku mbili hivyo. Siku ya tatu mwalimu akatuambia twende alasiri, saa kumi, kwenye baa fulani yenye chumba cha nyuma. Mule walikuwemo wanawake wawili wa makamo na konsatina zao, mzee mmoja na filimbi, na sisi watu tisa hivi tumenyamaza. Hapo ndipo nilipoisikia hasa. Mmoja alipiga polepole, kwa namna ya mashariki ya Clare, upande wa Tulla, yenye huzuni kidogo. Kama umewahi kumsikiliza Mary MacNamara, mpiga konsatina wa upande huo, utajua ninachosema. Mimi nampenda huyo kuliko wenye kasi, ingawa mzee wa Kijerumani tulibishana naye njia nzima, yeye ni mtu wa Noel Hill, mpiga konsatina mwengine wa Clare.

Kuhusu baa na mtu asiyekunywa, kama mimi: hakuna aliyenishangaa. Niliagiza chai, ikaja kwenye birika na maziwa pembeni. Mtandio wangu ulitazamwa siku ya kwanza, baada ya hapo nikawa "yule wa darasa la konsatina". Ila usikae kwenye viti vya karibu na wapigaji, hivyo ni vyao hata vikiwa vitupu, na simu ya kurekodi uombe kwanza. Na jengine la kujipanga: Julai jua la Clare linatua karibu na saa nne usiku. Maghribi yangu niliiswali wakati Zanzibar saa sita za usiku zimeshagonga.

Siku mbili nilitoka nje ya Miltown. Doolin, kijiji cha pwani, nisingerudia. Mahali alipokuwa akipiga konsatina Packie Russell, aliyefariki 1977, sasa mabasi ya watalii wa majabali ya Cliffs of Moher yanashusha watu kwa mafungu, na baa niliyoingia ilikuwa na vipaza sauti. Majabali yenyewe, mita 214 juu ya bahari, yanatisha na yanapendeza, hayo sikatai.

Kilrush, kusini, penye mlango wa mto Shannon, nimepaweka moyoni. Hapo ndipo alipokuwa na baa yake Elizabeth Crotty, Mrs Crotty kama wanavyomwita mpaka leo, aliyezaliwa 1885 na kufariki 1960. Alikuwa akiuza baa, na wageni wakiwa wa kumfaa anaitoa konsatina yake. Redio ya taifa ilimrekodi miaka ya 1950, akawa na umri wa bibi kabla nchi haijamjua. Baa ya Crotty's iko Market Square, ina vigae vya zamani chini na picha ukutani. Nilikunywa chai yangu nikafikiria wanawake wangapi Unguja walikuwa na kodiani vidoleni na haikufika mikononi.

Nyota nne kati ya tano, kwa ujumla. Ile ya tano ameichukua mwenye nyumba. Ningeanza upya, ningelipia kitanda mjini mwezi wa Januari, kisha ningelala mchana mapema ili niwahi seshini za alasiri. Au ningekwenda Februari, kuna mkusanyiko wa konsatina peke yake hapo hapo Miltown, Concertina Cruinniú, baridi kali lakini fidla hazikumezi.

Nilimtumia ami sauti niliyorekodi chumba kile cha nyuma, kwa ruhusa. Hakujibu siku mbili. Siku ya tatu akanipigia.

"Hicho kidude kina vitufe vingapi?"

"Thelathini, Ami."

"Na ndimi?"

"Sitini."

Akanyamaza. Nikasikia feni ya sebuleni kwake inazunguka.

"Wewe unakipiga?"

"Lahani mbili na nusu."

"Ukija Ramadhani kilete. Na kifunge vizuri, upepo wa bahari huku unakula chuma."