Nyota tatu kati ya tano kwa kampuni ya kuwatafutia wanafunzi wa NP nafasi za kliniki

Wauguzi wenzangu wa hapa Maryland, Marekani, wamekuwa wakiniuliza kama inafaa kulipia kampuni ikutafutie msimamizi wa kukufundisha kliniki. Kwa kazi ya makaratasi inafaa, na nyota zote tatu ninazowapa ni za kazi hiyo. Jina lao silitaji. Kampuni za aina hii ni nyingi, na niliyoyapata mimi unaweza kuyapata kwa yoyote.

Kwa asiyejua, NP (nurse practitioner) ni muuguzi aliyesoma hadi akaruhusiwa kumpima mgonjwa, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Viwango vya kitaifa vya mwaka 2022 vinataka mwanafunzi amalize angalau saa 750 za kuhudumia wagonjwa moja kwa moja; awali zilikuwa 500. Lazima apatikane msimamizi, yaani NP au daktari mwenye leseni atakayekubali ufanye mazoezi kliniki kwake, na watu hao wanagombaniwa. Vyuo vingine humwachia mwanafunzi ajitafutie mwenyewe. Hapo ndipo kampuni hizi zilipopata soko.

Makaratasi waliyashughulikia vizuri sana. Mkataba kati ya chuo na kliniki, bima ya makosa ya tiba, chanjo, kipimo cha TB, ukaguzi wa rekodi ya polisi, vyote vilikuwa tayari kabla muhula haujafunguliwa. Dada aliyekuwa akinihudumia alipokea simu hata jioni. Ukiwa unafanya zamu za usiku na una watoto wa kupeleka shule, msaada wa namna hii unaushukuru kwa dhati.

Shida ilianza kliniki. Msimamizi niliyepewa alikuwa mtu mpole, lakini hakuna aliyemweleza kile ambacho mwanafunzi wa hatua yangu anatakiwa kufanya. Malengo ya kozi hakuwahi kuyaona. Akadhani nimekuja kutazama, basi nikawa nasimama pembeni na daftari huku yeye akihoji, akipima na kuandika dawa. Nilipowapigia kampuni, nikajibiwa kwamba saa zinahesabika, kwa hiyo huduma imetimia. Nyota ya kwanza ikaondoka hapo. Karibuni nitakuwa peke yangu chumbani na mama mjamzito mwenye presha, na saa za kusimama ukutani hazitanisaidia chochote.

Aliyeokoa muhula ni mwalimu wangu wa chuo. Alizungumza na msimamizi kwa video, akaona hali ilivyo, akanihamisha. Ndiyo kazi yake: msimamizi anatoa maoni kuhusu mwanafunzi, lakini alama ya mwisho ni ya chuo, na chuo ndicho kinachopaswa kujua mwanafunzi wake anafundishwa nini huko aliko. Kulipa kampuni hakukiondolei chuo mzigo huo.

Msimamizi wa pili, mama mmoja wa makamo, siku ya kwanza alinitaka nimwonyeshe malengo yangu kabla hata sijavua koti. Tukakubaliana wagonjwa gani nitaanza nao mwenyewe na wapi lazima nimwite. Mzee mmoja alikuja kwa ajili ya dawa zake za presha tu. Nikamsikiliza moyo, nikasikia mvumo ambao sikuwa na uhakika nao, nikamwambia msimamizi hivyo hivyo. Alimsikiliza kwa stethoskopu yake, kisha akaushika mkono wangu akausogeza hadi nafasi ya pili kati ya mbavu, kulia kwa mfupa wa kidari, halafu shingoni. “Unausikia unavyopanda hadi huku? Sasa niambie unafikiri ni nini.” Nikasema vali ya aota, mlango wa mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, imebana. Akamweleza mzee, akampa rufaa ya kupigwa picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Maelezo niliandika mimi. Yeye akayapitia, akasahihisha mstari mmoja na kutia sahihi. Tangu Januari 2020 Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, inamruhusu msimamizi kuthibitisha maelezo ya mwanafunzi badala ya kuyaandika upya. Kumwona mgonjwa kwa macho yake hakukuacha hata mara moja, maana leseni iliyo hatarini ni yake.

Nyota ya pili imeondoka kwa sababu ya pesa. Kampuni haikurudisha hata senti ya ile nafasi ya kwanza. Tena jimbo letu linampa NP nafuu ya kodi ya dola 1,000 kwa kila mwanafunzi anayemsimamia katika maeneo yenye upungufu wa watoa huduma, kwa sharti kwamba hajalipwa kwa kazi hiyo. Wasimamizi wengi hawajui. Kabla hujatoa pesa yako, mwulize NP unayefanya naye kazi, umpelekee na habari hiyo ya kodi.

Ukiamua kulipia, dai kwa maandishi mambo haya: msimamizi atatumiwa malengo ya kozi kabla hujaripoti, utaruhusiwa kuona wagonjwa mwenyewe, na nafasi ikiharibika utapata nyingine bila malipo ya ziada. Barua pepe kwa mwalimu wako iandike wiki ya kwanza, usingoje tathmini ya katikati ya muhula. Mimi kwa muhula wa afya ya watoto huenda nikawarudia, kwa makaratasi tu. Msimamizi nimeshaanza kumtafuta mwenyewe.