Mafuta ya nywele za kipilipili mjini Moshi: nunua yapi, acha yapi

Nywele za kipilipili hukauka upesi kwa sababu ya umbo lake. Mafuta ambayo ngozi ya kichwa huyatoa yenyewe huteremka kirahisi kwenye unywele ulionyooka, lakini kwenye unywele uliojiviringa hukwama karibu na shina, na ncha hubaki bila kitu. Ndiyo sababu tunanunua ya dukani. Shida ni kwamba wengi hununua chupa wakitegemea ilete unyevu, wakati mafuta hayana maji hata tone. Unyevu ni maji. Mafuta yana kazi mbili tu: mengine huingia ndani ya unywele na kuulinda usichakae wakati wa kuoshwa, mengine hukaa juu na kuyazuia maji yasipotee haraka. Ukijua unataka kazi ipi, rafu nzima ya duka la vipodozi inapungua na kubaki chupa mbili.

Nalisema hili kwa sababu wengi wetu hatukufundishwa. Ukisoma shule ambazo kila muhula lazima unyoe, unamaliza kidato cha nne hujawahi kutunza nywele zako mwenyewe. Unaanza ukubwani, na mwalimu wako wa kwanza anakuwa muuzaji.

Mpangilio huu ni wa mtu anayeishi Moshi, mwenye nywele asilia zisizo na dawa, anayeosha mara moja kwa wiki au kila wiki mbili. Hali ya hewa yetu nimeihesabu: joto na vumbi la Januari hadi mvua zianze, halafu baridi ya Juni hadi Agosti. Ukikaa Arusha, ambako ni juu zaidi na baridi ni kali kuliko huku, yafuate haya haya ila uongeze mkono kwenye mafuta mazito.

1. Mafuta ya nazi

Haya ndiyo ya kwanza, na nafasi hii siigawi. Sehemu kubwa ya mafuta ya nazi, karibu nusu, ni asidi ya lauriki, mojawapo ya asidi zinazounda mafuta. Molekuli yake ni ndogo na imenyooka, kwa hiyo hupenya ndani ya unywele badala ya kubaki juu tu. Mwaka 2003 watafiti Rele na Mohile walichapisha jaribio lililolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini. Ni ya nazi peke yake yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, yakipakwa kabla ya kuosha au baada yake. Unywele unapoloa huvimba, ukikauka husinyaa, na kurudia huko ndiko kunakouchosha hadi ukatike. Mafuta yaliyokwisha kuingia ndani hupunguza maji yanayofyonzwa.

Kwa hiyo yapake kabla ya shampuu. Usiku wa kuamkia siku ya kuosha, au nusu saa kabla ukiwa na haraka, gawanya nywele mafungu, pitisha mafuta kuanzia katikati hadi kwenye ncha, funga kitambaa. Asubuhi osha. Wapo watu ambao wakiyaacha kichwani wiki nzima nywele zao hukakamaa na kukwaruza mkononi. Ukiwa mmoja wao usiyatupe, yaweke yawe ya kabla ya kuosha tu.

Sasa kununua. Moshi hatulimi nazi, inakuja kutoka Tanga na pwani nyingine, na njiani mengi huchanganywa. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Asubuhi ya Julai hapa mjini, chupa ya nazi halisi lazima iwe imeganda nyeupe. Ikiwa bado ni maji yanayocheza, uliza maswali. Mafuta ya kula ya majimaji, kama ya alizeti, hubaki maji kwenye baridi hiyo, nayo ni rahisi kuchanganyia. Miezi ya joto unaweza kuitumbukiza chupa kwenye beseni la maji yaliyopoa vizuri uone kama inaanza kuganda. Yapo pia mafuta ya nazi yaliyotengenezwa makusudi yasigande. Hayo si ya kughushi, lakini asidi ya lauriki imeondolewa, na hiyo ndiyo uliyokuwa unaitafuta. Yaache.

Mwenye muda apike nyumbani. Ikune nazi, kamua tui zito, lichemshe kwa moto mdogo bila kuliacha mpaka maji yaishe na mafuta yatengane na mashapo. Epua kabla mashapo hayajaungua, chuja kwa kitambaa safi kilichokauka kabisa. Tone moja la maji likibaki ndani, mafuta yatachacha mapema.

2. Mafuta ya alizeti

Najua hapa wengine watashangaa, kwa kuwa haya yako jikoni. Nayaweka ya pili kwa makusudi. Hayaingii ndani ya unywele kama ya nazi, na jaribio lile la 2003 lilionyesha hivyo. Lakini kazi ya kukaa juu, kulainisha na kupunguza msuguano yanaifanya vizuri. Ni mepesi, hayaachi nywele zikinata wala vumbi halipati pa kuganda. Yanatoka Singida, Dodoma na Manyara, tena kwa bei ambayo chupa ya vipodozi haiwezi kushindana nayo. Mama mwenye mabinti watatu wa kusuka hana sababu ya kulipia jina la kigeni wakati kidumu cha lita moja kipo.

Chagua yaliyokamuliwa bila kusafishwa sana, yenye rangi ya dhahabu na harufu ya mbegu. Usinunue chupa zilizopangwa kando ya barabara zikipigwa na jua. Alizeti ina asidi nyingi ya linoleiki, ambayo huharibika upesi kwa mwanga na joto. Funua, nusa: yaliyochacha yana harufu kali inayofanana na ya rangi ya kupaka ukutani. Ukiinusa mara moja huisahau.

Namna ya kuyatumia: nywele zikiwa bado zimeloa baada ya kuosha, au baada ya kuzipulizia maji, paka losheni ya nywele ukiwa nayo, kisha mafuta kidogo, kijiko cha chai kwa kichwa cha nywele za wastani. Ukipaka kwenye nywele kavu umefunga ukavu ndani.

3. Mafuta ya shea

Haya ni ya baridi. Ifikapo Juni, mlima ukijifunika wiki nzima na upepo wa asubuhi ukawa mkavu, alizeti peke yake haitoshi kwa nywele nene. Shea ni mgando, huyeyuka kiganjani, na hukaa kwenye ncha siku kadhaa. Inayotoka kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, na kwa nywele zetu naipenda zaidi kwa sababu hailazimishi uivute nywele ukiipaka.

Halisi ina rangi ya maziwa au manjano iliyofifia, na harufu ya moshi au karanga. Manjano inayong'aa mara nyingi ni rangi iliyoongezwa. Ikiwa nyeupe kabisa na haina harufu yoyote, imesafishwa kiwandani. Bado itafungia maji, ila usiilipie bei ya ile ghafi. Kopo dogo linatosha msimu mzima, kwa sababu unachukua kiasi cha punje ya hindi kwa kila fungu la nywele. Kwa mtu mwenye nywele nyembamba ruka namba hii kabisa, zitalala kichwani.

4. Mafuta ya mnyonyo

Kama ningepanga kwa umaarufu, haya yangekuwa ya kwanza. Kila msusi anayasifia, kila mwenye nywele za mbele zilizokimbia anashauriwa ayapake. Nayaheshimu kwa kazi moja: ni mazito, yanafunga maji vizuri sana na kuzipa nywele mng'ao. Uzito huo unatokana na asidi ya risinoleiki, ambayo ni zaidi ya robo tatu ya mafuta yote.

Kuotesha nywele ni jambo jingine. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mnyonyo unaotesha nywele mpya. Nywele za mbele kwa kawaida zimeondoka kwa sababu ya kuvutwa: rasta nzito, twende kilioni iliyobanwa mpaka macho yanavutika, wigi lililogundishwa kila wiki. Ukilegeza msuko mapema zinaweza kurudi, na mafuta ndiyo yatakayopewa sifa. Ukiendelea kubana mpaka mashina yafe, hakuna chupa itakayoyafufua. Kwa hiyo kabla ya kununua mnyonyo kwa ajili ya paji la uso, mwambie msusi wako asikaze. Dada, ukitoka saluni kichwa kinauma na vipele vimetokea kwenye mashina, ufumue siku hiyo hiyo hata kama ulilipa.

Usiyapake peke yake. Changanya sehemu moja ya mnyonyo na tatu za alizeti, vinginevyo nywele hushikana na kukusanya vumbi. Yale meusi yanayouzwa kwa jina la Jamaica hutengenezwa kwa mbegu zilizokaangwa, rangi na harufu ndiyo tofauti kubwa. Sioni sababu ya kulipa zaidi. Na ukiamua kukamua nyumbani, mbegu za mnyonyo ni sumu kali zikitafunwa. Sumu hiyo haiingii kwenye mafuta, inabaki kwenye makapi, kwa hiyo makapi na mbegu viwekwe mbali na watoto na mifugo.

5. Mafuta ya parachichi

Inaniuma kuyaweka hapa chini, maana parachichi ndilo letu. Machame, Marangu, Rombo, msimu ukifika yanaoza chini ya miti. Mafuta yake ni mazuri mno: asidi ya oleiki nyingi, uzito wa katikati, harufu tulivu. Yakiwa halisi ningeyapandisha hadi nafasi ya pili bila kusita. Lakini chupa nyingi zenye picha ya parachichi mbele zina parachichi kidogo sana ndani. Halisi yaliyokamuliwa bila moto yana rangi ya kijani na bei yake iko juu. Ukimpata mkamuaji unayemwamini, nunua kwake, chukua kidogo kidogo.

Kuponda tunda lenyewe na kujipaka kichwani simshauri mtu. Nyama ya parachichi haipenyi, na vipande vyake utavitoa kwenye nywele za kipilipili siku mbili.

Mengine, kwa haraka

Zeituni ni mazuri, ila yanatoka mbali na alizeti inafanya karibu kazi ile ile. Ufuta vivyo hivyo. Ubuyu ukiyapata halisi, tumia kama alizeti. Habasoda ina harufu kali na bei kubwa kwa chupa ndogo, mwenye kuipenda aipende. Argani kutoka Moroko hughushiwa sana, sinunui.

Mafuta ya mgando yanadharauliwa bila haki. Hayachachi, ni rahisi, na kwa kuzuia maji yasitoke hakuna mafuta ya mmea yanayoyashinda. Kasoro yake ni kwamba hayatoki bila shampuu ya kweli. Yatumie kwenye ncha wakati wa baridi kali tu.

Soma nyuma ya chupa, siyo mbele

Kwenye orodha ya viambato, cha kwanza ndicho kilicho kingi. Majina mara nyingi ni ya Kilatini, na haya matano yanatosha kuyakumbuka: Cocos nucifera ni nazi, Helianthus annuus ni alizeti, Butyrospermum parkii ni shea, Ricinus communis ni mnyonyo, Persea gratissima ni parachichi. Ukikuta Paraffinum liquidum mwanzoni, hayo ni mafuta ya madini, aina ile ile ya mafuta ya maji ya watoto. Hayadhuru nywele, lakini usiyalipie bei ya parachichi. Tafuta pia alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia vipodozi, na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Chupa zinazoahidi kukuza nywele kwa siku saba hazimo kwenye orodha yangu kabisa.

Vilevile hakuna mafuta ya kutibu kichwa. Mba unaowasha na kuacha magamba ya manjano huzidi ukilowekwa mafuta, kwa sababu fangasi wanaoishi hapo hula mafuta. Mapunye ya watoto yanahitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari. Hapa Moshi tuna bahati: hospitali ya KCMC ina kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kimekuwepo tangu 1992. Nywele zikitoka kwa mabaka au ngozi ikawa na makovu, fedha ya mafuta iwe nauli ya kwenda huko.

Ukifika dukani, gawanya bei kwa mililita. Tuseme chupa ya mililita 100 ni shilingi 8,000 na ya mililita 250 ni shilingi 15,000. Ya kwanza ni shilingi 80 kwa mililita, ya pili 60. Kwa nazi chukua kubwa, inakaa muda mrefu bila kuharibika. Kwa alizeti na parachichi chukua ya kuisha ndani ya miezi miwili au mitatu, ya rangi nyeusi ikipatikana, na uiweke kabatini mbali na dirisha.