Duka la pembejeo Newala wanaokuchomea salfa mbele yako

Kwa wale mnaoulizia salfa ya uhakika, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, hapa Newala mjini, mi nawapa hili duka la yule mama na kijana wake nyota nne. Bei yao iko juu kidogo kuliko ya wale jamaa wanaokuja na Noah kijijini jioni jioni, ila unajua unachobeba.

Kilichonifurahisha hawanuni ukitaka kukagua. Nilimwambia kijana hebu nitoe wasiwasi, akacheka, njoo huku kivulini njomba, akachota salfa kidogo kwenye kizibo cha soda akaiwasha kiberiti. Ikayeyuka ikawa nyekundu nyekundu, moto wake wa bluu hafifu ambao juani huuoni kabisa, na ule moshi jamani kaa nao mbali unakaba koo balaa. Ilipoisha kizibo kikabaki karibu kitupu. Halafu akatoa nyingine kwenye chupa, kuna mteja alimletea aangalie, kuichoma ikabaki michanga na majivu meusi, yaani mtu kachanganya udongo na unga anakuuzia upulizie mikorosho. Mama akadakia, hiyo ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, unaipigia vigelegele.

Na mshono wa kiroba muangalie. Shemeji yangu alinunua cha kilo 25 kwa hao wa Noah, kumbe juu kimeshonwa kwa mkono na uzi wa nailoni, kiroba cha zamani kimejazwa upya. Kapuliza weee, maua yakapiga weupe yakakauka yakadondoka, na huyo muuzaji namba haipatikani mpaka leo. Vya hapa vimeshonwa kwa mashine na lebo ina namba ya usajili ya TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, inasomeka vizuri sio imefutika futika.

Nikachokoza kidogo, nikauliza mama ya ruzuku huna unipunguzie? Akanijia juu, mwanangu hiyo ni ya wakulima waliosajiliwa, nenda amcos kwenu, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Safi sana maana ndio hiyo inayochomolewa ikauzwa kimagendo, nyingine inavushwa mto Ruvuma mpaka Msumbiji huku wenye mikorosho wanaambiwa imeisha.

Nyota moja nimeikata kwenye risiti, mpaka uombe, na ukiomba kijana anaanza kutafuta kitabu. Ombeni tu, msione aibu, bila hiyo karatasi dawa ikigoma utamdai nani? Ijumaa mchana wanafunga mpaka saa tisa.