Uzoefu wangu: Land Cruiser, Defender na pikapu ya kisasa katika njia za Engaruka na Simanjiro

Kazi yangu ni kuhudumia pampu za visima vya vijijini katika wilaya za Monduli, Longido na Simanjiro, kaskazini mwa Tanzania, na kwa miaka mingi nimeifanya kwa magari matatu: Toyota Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ, Land Rover Defender 110 yenye injini ya 300Tdi, na pikapu ya kisasa ya dizeli ambayo chapa yake sitaitaja. Tathmini hii namwandikia anayetafuta gari la kazi. Yote matatu huharibika, kwa hiyo swali langu siku zote limekuwa ni kitu gani kinaanza kuharibika, na je, fundi aliye karibu anakimudu?

Kutoka Mto wa Mbu kupita Engaruka hadi Ngaresero, barabara ya changarawe ina mawimbi madogo madogo yasiyokwisha, na pembeni yake limejaa vumbi la majivu ya volkano, laini kama unga wa sembe. Mtikisiko wa njia ile hauui injini. Hulegeza boliti, hukata kishikizo cha betri, hutafuna bushi (vipande vya mpira kwenye viungo vya chini ya gari) na kuchemsha shokamzoba mpaka zivuje. Safari moja tukiwa na shehena ya mabomba ya chuma, kipande kimoja cha springi ya nyuma ya Land Cruiser kilikatika kwa kishindo kwenye korongo. Dereva alichana tyubu kuukuu kwa kisu, akaizungusha kwa nguvu kwenye springi, akaikaza kwa waya wa kufungia nondo, na tukaendelea mwendo wa pole hadi kwa fundi. Springi za nyuma za gari hilo ni vyuma bapa vilivyolaliana, hivyo kimoja kikikatika vingine hubeba mzigo. Defender ina springi za koili mbele na nyuma, na abiria wake hushuka na mgongo salama, lakini koili iliyokatika haifungiki kwa mpira wa tyubu. Kwa mizigo mizito nachagua Land Cruiser bila kusita.

Injini ya 1HZ ina lita 4.2, silinda sita, na haina tabo, yaani kifaa cha kusukumia hewa ya ziada kwenye injini. Mlimani haina haraka, na kwenye lami basi litakupita, lakini kwa kuwa haikamuliwi nguvu nyingi kulingana na ukubwa wake, hudumu muda mrefu sana ikibadilishiwa oili na filta kwa wakati. Ile ya 300Tdi, yenye lita 2.5 na tabo, hunywa dizeli kidogo zaidi, ila inataka uangalizi wa karibu wa maji ya rejeta, kwa sababu kichwa chake cha alumini hakivumilii joto kupita kiasi. Zote mbili zina mkanda wa taiming, unaolinganisha mwendo wa valvu na pistoni, na ukikatika injini huharibika. Ukinunua gari lililotumika, badilisha mkanda huo kabla ya jambo lolote, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni mpya.

Simanjiro masika ni habari nyingine, kwa kuwa udongo mweusi hujaa kwenye tairi mpaka likawa duara tupu lisilo na meno. Defender huendesha magurudumu yote manne wakati wote, na dereva huvuta wenzo mmoja tu ili kufunga difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Katika Land Cruiser yetu, loki zinazounganisha magurudumu ya mbele na ekseli zake hufungwa kwa mkono, kwa hiyo asiyezifunga mapema hushuka na kuzitafuta ndani ya tope. Bodi ya Defender ni ya alumini, haishiki kutu kama bati la chuma, na mlango uliobonyea huweza kufunguliwa na kubadilishwa peke yake. Chesisi yake, hata hivyo, ni ya chuma na ina uwazi ndani, na tope lililoganda humo huila taratibu kutoka ndani.

Pikapu ya kisasa ni tulivu, ina nguvu, na barabarani huyaacha mbali magari hayo mawili. Udhaifu wake kwetu ulikuwa dizeli. Vijijini mafuta huuzwa kwenye madumu, na kuyachuja kwa kitambaa huondoa takataka lakini hakuondoi maji. Pampu ya mfumo wake wa mafuta husukuma dizeli kwa shinikizo la zaidi ya ba 1,000 (ba ni kipimo cha shinikizo) na hulainishwa na dizeli hiyohiyo, kwa hiyo maji kidogo tu huiumiza pamoja na nozeli zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini. Taa ya injini ilipowaka karibu na Orkesumet, fundi wa pale, ambaye angeifungua pampu ya 1HZ bila wasiwasi, hakuwa na kompyuta ya kusoma kosa, na gari lilivutwa hadi Arusha.

Spea za Land Cruiser zinapatikana hata katika miji midogo, lakini bandia ni nyingi; bushi tulizouziwa na duka moja mjini zilipasuka upesi mno. Kwa Defender tunategemea mafundi wa Arusha, mji ambao mapenzi yake kwa Land Rover yalionekana wazi katika tamasha la magari hayo la Oktoba 2024.

Kwa sasa Land Cruiser hubeba mabomba, Defender hupeleka mafundi na vifaa vyao Simanjiro, na pikapu ya kisasa imebaki kwa safari za lami. Anayekwenda kukagua Defender iliyotumika abebe tochi na nyundo ndogo, alale chini, agonge chesisi kuanzia nyuma, na pale mlio unapobadilika kuwa butu akwaruze rangi aone kilicho chini yake kabla ya kutaja bei.