U2 mara nne London: mimi bado sijatoka Earls Court

Nimewaona U2, bendi ya rock ya Ireland, mara nne, zote hapa London: ukumbi wa Earls Court 2001, uwanja wa Wembley 2009, uwanja wa Twickenham 2017, na katikati yake ukumbi wa O2 mwaka 2015. Mara zote nilikuwa na shemeji yangu, na kila tukikutana ubishi ni ule ule. Yeye na Wembley, mimi na Earls Court.

Namwelewa. Wembley ilikuwa ziara ya 360°, yenye lile dude la miguu minne, refu kiasi cha mita 50, jukwaa likiwa katikati na nyomi pande zote. Yalitengenezwa matatu, ili moja likitumika jingine liwe tayari linasimamishwa mji unaofuata. Mapato yalipita dola milioni 700, rekodi iliyodumu hadi Ed Sheeran alipoivunja mwaka 2019. Lakini usiku ule mimi nilitazama skrini karibu muda wote. Bono mwenyewe, mwimbaji wao, alikuwa kidole tu kwa mbali.

"Shemeji, sasa wewe ulitaka wakuimbie sebuleni?"

Ndiyo, na Earls Court ilikaribia hapo. Jukwaa la ziara ya mwaka ule, Elevation, lilikuwa na njia yenye umbo la moyo iliyoingia hadi katikati ya watu, na waliowahi foleni wakasimama ndani ya moyo wenyewe. Sisi tulikuwa nje yake, vifua vimebanwa kwenye uzio. Bendi ilipanda taa za ukumbi zikiwa bado zinawaka, kama mafundi waliokuja kujaribu vyombo, na ukumbi mzima ukalipuka. Bono alipopita mbele yetu niliuona mshipa wa shingo umemtuna na jasho likidondoka kwenye mbao.

Hiyo ilikuwa tarehe 19 Agosti. Baba yake Bono alikuwa mahututi Dublin, naye akawa anaruka na ndege kwenda kumkesha kila onyesho likiisha. Mzee alifariki tarehe 21, na usiku huo mwanawe akapanda tena jukwaa lile lile. Niliposikia habari, chai ilinipoa mkononi.

O2 naipa nafasi ya pili: taa moja ya balbu inaning'inia, na skrini ndefu ambayo wenyewe wanaingia ndani yake na kutembea. Twickenham walipiga albamu nzima ya The Joshua Tree ya mwaka 1987, wimbo kwa wimbo kwa mpangilio wake. Nilifurahi, ila kilichonibakia ni mwanzo tu: Larry Mullen anatoka peke yake, jua halijazama, hakuna mbwembwe, anaketi kwenye ngoma zake na kuanza. Hapo hata shemeji alinyamaza.

Ukiamua kwenda kuwaona, chagua tiketi ya ukumbini, ya kusimama chini, na uwahi foleni.