Steam Deck mtaani Kigoma: inaweza kuing'oa PS kwenye banda?

Naanza na jibu kabisa maana najua wengi mtasoma hapa juu tu afu mrudi kwenye mambo yenu. Steam Deck ni mashine kali, naipenda, na kwa banda la gemu hapa Kigoma haifai. Yote matatu ni kweli kwa mpigo, sasa tulieni niwaeleze.

Kwa ambae hajawahi kuishika, hii ni mashine ya mkononi ya Valve, wale Wamarekani wenye duka la gemu za kompyuta linaloitwa Steam, duka lenyewe lipo tangu 2003. Mashine ilianza kuuzwa Februari 2022, ya bei ya chini kabisa ilikuwa dola 399, skrini inchi 7, RAM GB 16, prosesa ya AMD, na vitufe vyote vimejengewa humohumo huku na huku wala huvichomoi kama kwa Nintendo. Novemba 2023 wakatoa yenye skrini ya OLED, inchi 7.4, na betri kubwa kuliko ya mwanzo. Ninayotumia mimi ni ile ya kwanza ya GB 64, na sio nyepesi bana, gramu 669, ukicheza umelala chali usingizi ukakupitia itakushukia usoni na utaikumbuka asubuhi.

Sasa kuingia kwenye hii biashara ukiwa mgeni ni balaa. Sony, Nintendo na Microsoft wameishika kooni miaka mingi, PS2 ya Sony peke yake iliuza zaidi ya mashine milioni 160, Switch ya Nintendo nayo imeshapita milioni 150. Mgeni wa mwisho kuingia akabaki ni Microsoft mwenyewe na Xbox yake ya 2001, na yule alikuja na hela ya kuchoma. Wengine je? Mashine ya Ouya ya 2013, dola 99, watu waliichangia mtandaoni zaidi ya dola milioni 8 kabla hata haijatoka, miaka miwili baadae programu zake zikauzwa kwa Razer, kampuni ya vifaa vya gemu, na habari ikaishia hapo. Google na ubabe wake wote wakaleta Stadia, huduma ya kucheza gemu kwa mtandao, 2019, Januari 2023 wakaizima. Tatizo la wote hao lilikuwa moja, gemu za maana hazikuwepo za kutosha, yani ni kufungua meza pale Kibirizi afu wateja unawaambia dagaa watakuja wiki ijayo. Hata Valve wenyewe walishapigwa hivyohivyo, 2015 walileta Steam Machine, kompyuta za kukaa sebuleni zinazotumia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na gemu za Linux enzi hizo zilikuwa za kuokoteza, watu hawakununua.

Walichofanya baada ya hapo ndo ninachowapendea. 2018 wakatoa kitu kinaitwa Proton, kazi yake ni kufanya gemu lililotengenezwa kwa ajili ya Windows likubali kwenye Linux bila mwenye gemu kuandika upya chochote. Kwa hiyo Deck ilipotoka haikuanza na gemu kumi za kuonjeshea, ilianza na maelfu, na kama ulikuwa umeshanunua gemu kwenye laptop yako miaka iliyopita unaingiza akaunti tu unazikuta zote zinakusubiri. Hapo mgeni hakuja mikono mitupu na ndo maana hajafa mpaka leo, Valve walisema wameuza mamilioni kadhaa, ambayo mbele ya Switch ni kidogo sana lakini kwa mgeni kwenye hii vita ni heshima.

Ila hayo ni ya huko duniani. Hapa Kigoma mpinzani wake sio Switch, Switch hapa mjini ukiiona ujue mtu katumiwa na shangazi yupo Ulaya. Mpinzani wake ni PS4 ya mtumba, na simu.

Nikaibeba mpaka banda ninalokaaga pale Mwanga. Mnayajua mabanda yetu, TV za ukutani, mabenchi, feni moja inayopuliza upande wa bosi tu, pedi ambazo mpira wa analogi umeisha zamani ukafungwa kipande cha tyubu ya baiskeli na kinashika vizuri kuliko ule wa kiwandani. Mechi jero, aliyefungwa analipa. Nikachomeka Deck kwenye TV kwa kile kidude cha USB-C chenye tundu la HDMI, nikaunganisha pedi mbili za PS4 kwa bluututhi na zikakubali bila shida, hapo madogo wameshaanza kusogea. Bosi kaiangalia mbele nyuma, kaigeuza, kaona vile vibao viwili vya kugusia kwa kidole gumba, akauliza swali moja tu.

"Mwanangu, humu kuna FC?"

"Hamna kaka, FC haiingii."

"Sasa tunacheza nini?"

Na swali la pili ndo lilimaliza kesi. FC ni gemu la mpira la kampuni ya EA, zamani likiitwa FIFA, na kuanzia FIFA 23 EA waliweka kwenye gemu lao la kompyuta ulinzi wa kuzuia wanaochiti, na ule ulinzi unakaa ndani kabisa kwenye Windows, sasa Deck inatumia Linux, ulinzi ukiangalia hauoni Windows, gemu halifunguki. FC 24 hivyohivyo, FC 25 hivyohivyo. Mashine ina nguvu ya kulichezesha kabisa, mlango ndo umefungwa. Kuna watu watasema weka Windows humo, ni kweli inawezekana na Valve wametoa hadi draiva zake, ila ukishafanya hivyo umegeuza mashine nzuri kuwa laptop mbovu isiyo na kibodi, Windows kwenye skrini ya inchi 7 ni mateso, na ile raha yote nitakayoisema huko chini inapotea.

Sio mpira tu. GTA V mpaka katikati ya 2024 ilikuwa inacheza online kwenye Deck vizuri tu, Septemba mwaka huo Rockstar, wenye gemu lenyewe, nao wakaweka ulinzi wa aina hiyo na online ikafa, imebaki ile hadithi ya kucheza mwenyewe. Fortnite haimo. Call of Duty mpya hazimo. Yani ukiangalia magemu ambayo dogo wa Katubuka au Gungu anayajua kwa jina, mengi ndo hayohayo yaliyofungiwa nje, na hapo ndo mgeni anapoumia, anakuja na maelfu ya gemu na yale matano yanayoleta pesa hana.

Pale bandani niliwawekea Tekken 7. Jamani ilinoga, kelele mpaka mama wa chipsi wa jirani akaja kuchungulia, mashine haikuganda hata kidogo. Madogo wakapigana ngumi, wakacheka, wakashangaa. Kisha TV ya pembeni mtu akafunga goli la dakika ya 90 na wote wakahamia huko, nikabaki mimi na Deck yangu na bosi ananiangalia kwa huruma. Nikamfungulia na PES ya PS2, gemu jingine la mpira, kwa kutumia emuleta, programu inayoiga mashine za zamani, ile ya utotoni, inacheza laini kabisa, akafurahi kweli akanikumbusha mashuti ya Adriano, ila akasema hiyo hata PS2 yake ya kule stoo inacheza, na ile alinunua bei ya kuku wawili.

Kingine ambacho watu wa mabanda wanakijua na wanaoandika kuhusu gemu huko nje hawakisemi, ni CD. Gemu la PS4 unalinunua, unalicheza, unalibadilishana na mwenye banda wa Ujiji, unaliuza, linarudi kwako tena mwaka kesho. Linatembea. Kwenye Deck hakuna pa kuingiza CD, gemu umelinunua kwenye akaunti yako ni lako hadi kaburini, humuazimi mtu mkononi wala huliuzi. Na kulishusha ni bando. GTA V inapita GB 100, Red Dead Redemption 2 inapita hapo tena, sasa piga hesabu ya bando mwenyewe, mi naendaga kwa jamaa mwenye wifi ya ofisini nalala na mashine kwenye chaji inashusha mpaka asubuhi. Kuna ujanja mmoja lakini umenisaidia sana: tangu 2023 Steam inaruhusu mashine moja kuvuta gemu kutoka kwa nyingine mkiwa kwenye wifi moja, kwa hiyo kama rafiki yako analo kwenye laptop na wewe umelinunua, mnawasha hotspot ya simu mnahamisha bila kula bando, mnaacha tu usiku. Nawashauri wenye laptop za gemu hapa mjini mfanye hivi, tutaokoa hela nyingi.

Upande wa bei za gemu hapo Steam ni mbabe, sio siri. Msimu wa ofa kubwa, ule wa kiangazi cha Ulaya na ule wa Krismasi, magemu ya miaka mitatu minne nyuma yanashuka mpaka unajiuliza kama ni wizi. Nalipa kwa ile kadi ya mtandaoni ya pesa za simu na inakubali. Na Steam haijatutenga, naingia kwa nchi yangu Tanzania bila kudanganya, wakati PSN, mtandao wa PlayStation, sisi hatumo kwenye orodha ya nchi zao, wenye PS humu ndani nusu yenu kwenye akaunti mnaishi Marekani na wengine Afrika Kusini.

Haya sasa raha yake. Umeme. Mnajua wenyewe hapa mambo ya umeme, upo, haupo, umerudi, umeondoka na friji. Bandani ukikatika mechi ya 3-0 inaanza upya na ugomvi juu. Deck ina betri yake, na kuna kitufe cha juu ukikibonyeza mara moja gemu linalala palepale lilipo, hata kama upo katikati ya kupigana, unaenda kuswali, unaenda kula ugali na migebuka, ukirudi unabonyeza na upanga bado upo hewani. PS5 na Xbox mpya nazo zina kitu cha namna hiyo ila hazina betri, bila umeme wa ukutani huchezi. Kwa mtu mwenye kazi na watoto hiki kitufe peke yake kinatosha kumshawishi.

Nilisafiri nayo kwenye treni ya Dar. Wenye kusafiri mnajua ile safari, ukishaiacha Uvinza mtandao unaanza kuja kwa vipindi mpaka uikaribie Tabora. Ushauri: weka offline kabla hujatoka nyumbani na ufungue kila gemu mara moja ukiwa na mtandao, mi nilifanya hivyo na Elden Ring ikanipeleka. Chaji lakini ndo pasua kichwa, Valve wanasema masaa 2 mpaka 8, ukweli ni kwamba gemu zito ni hayo 2 na kidogo, vigemu vyepesi vya kuchorwa chorwa ndo vinafika 6. Pawabenki za kawaida za kuchajia simu zinaichaji kwa kuiombea dua, inataka chaja ya wati 45, tafuta pawabenki yenye nguvu hiyo au ubaki unaangalia mto Malagarasi. Na feni yake inapiga mluzi, mama mmoja wa siti ya mbele kaniuliza kama nimebeba mashine ya kunyolea.

Service? Hamna. Valve hawauzi Afrika rasmi, ukiiona hapa imeletwa na mtu, na ikiharibika ni wewe na fundi wako. Afadhali ni mashine inayofunguka kwa skrubu za kawaida na vipuri vyake vinauzwa mtandaoni, fundi wa simu mwenye akili zake anaweza kubadilisha analogi akiangalia video. PS4 kila fundi wa Lumumba ameshaifungua akiwa amefumba macho.

Kwa hiyo bosi wangu wa Mwanga abaki na PS zake, wala asibabaike. Novemba 2025 Valve wametangaza Steam Machine mpya, safari hii kijiboksi cha kuwekwa chini ya TV, na madogo wakanitumia picha kama kumi wakiuliza kama ndo mwisho wa PS. Mi nimewajibu ina FC? Maana mfumo ni uleule wa Linux, na EA wasipofungua mlango itakuwa yaleyale kwenye boksi kubwa zaidi.

Ila kama wewe ni mtu wa kucheza peke yako, unapenda gemu za hadithi, una laptop ya zamani yenye akaunti ya Steam, na huna habari na FC, chukua kabla ya PS5, nakwambia mimi. Ukiletewa ya mtumba jaribu analogi zote mbili kwenye sehemu ya settings uone kama zinatembea zenyewe, uliza kama GB 64 ndani yake ni ileile ya kiwandani au imebadilishwa, na usihangaike na ya hifadhi kubwa kama hela ni ya mawazo, memori kadi inachezesha gemu vizuri tu. Na hakikisha umepewa chaja yake. Muuzaji wangu alinipa ya simu.